The Room kwenye simu: ununue au mbaki na michezo ya bure?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arua, Uganda. Likizo hii watoto wangu hawabanduki kwenye michezo ya simu ya kutoroka chumbani, ile ya kufungiwa ndani ukatafuta funguo na namba za siri mpaka mlango ufunguke. Mkubwa yuko S2, yaani kidato cha pili, ana miaka 14, ananisumbua nimnunulie mmoja unaoitwa The Room. Anasema hauna matangazo. Mimi naona kulipia mchezo wakati ya bure imejaa Play Store ni kutupa hela. Wewe kazi yako ni programu za simu, niambie: mchezo huo una uzuri gani na ubaya gani? Na je, utamnoa mtoto akili au ni muda tu unapotea?

Jibu: Mwalimu, nianze na uamuzi wangu, sababu zifuate. Mnunulie, lakini ule wa kwanza wa mfululizo wake peke yake, na ukiweza mkae mezani mcheze pamoja.

Watu wakiusifu au kuuponda mchezo wa aina hii huanza na picha, kwamba umechorwa vizuri au vibaya. Mimi hutazama kwanza jambo jingine: mchezaji akikwama, mchezo unamfanyia nini? Katika michezo ya kutoroka chumbani kukwama si ajali. Aliyeutunga amekupangia ukwame, anajua utakwamia wapi, na anakisia vizuri utakaa hapo kwa muda gani. Hapo ndipo utakapomjua kama ni mtu wa haki au la. Kwenye vitendawili vyetu aliyeshindwa hutoa mji. Anasema "nimekupa Koboko," anatajiwa jibu, watu wanacheka, kinategwa kingine, na Koboko inabaki palepale. The Room unakaribia sana utaratibu huo. Michezo mingi ya bure nayo inakudai mji wa kweli: sekunde 30 za tangazo, megabaiti za bando lako, au visarafu vya mchezoni ambavyo hatimaye hununuliwa kwa pesa halisi.

Aina hii ya michezo ina umri mkubwa kuliko watoto wako. Mwaka 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi alitoa Crimson Room, mchezo mdogo wa kuchezwa kwenye kompyuta kupitia kivinjari: chumba chekundu, kitanda, droo, mlango uliofungwa, basi. Ulisambaa duniani bila mtu kuulipia. Mwaka 2007 kampuni ya SCRAP ya huko Kyoto ikaanza kuwafungia watu wenyewe kwenye vyumba vya kweli kwa kiingilio, na biashara hiyo ikaenea. Michezo ya kivinjari ilitegemea programu ya Flash, ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020, kwa hiyo watoto wa leo wameikuta aina hii simuni.

The Room umetengenezwa na Fireproof Games wa Guildford, Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2008 na wachoraji sita waliokuwa wakifanya kazi kwenye michezo ya mbio za magari. Ulitoka kwenye iPad mwaka 2012, Apple ikautaja kuwa mchezo bora wa iPad wa mwaka huo. Mwaka 2013 ukapata tuzo ya BAFTA ya mchezo bora wa Uingereza, na watu wa Android wakaupata pia. Nimewataja wachoraji kwa sababu kuu: licha ya jina lake, humo hakuna chumba unachotoroka. Kuna sanduku katikati ya chumba chenye giza, na kazi yako ni kulifungua. Ukilifungua unakuta jingine ndani. Watu hao walitumia nguvu zao zote kwenye mbao, shaba na kioo cha kitu kimoja badala ya kuchora nyumba nzima, na matokeo yake hata kwenye simu ya bei ya chini unaona mikwaruzo kwenye kona za chuma.

Nikueleze kinavyochezwa kipande kimoja, maana mtoto akisema "ni nzuri" hakuambii kitu. Kidole kimoja kinalizungusha sanduku. Ukigusa mara mbili unasogea karibu, ukibana kwa vidole viwili unarudi nyuma. Unaona kibati cha shaba kilicholegea upande mmoja, unakisukuma, tundu la ufunguo linajitokeza nyuma yake. Ufunguo unao, lakini hauingii. Mtoto mwenye pupa ataujaribu tena na tena. Mwenye kutulia ataufungua ule ufunguo kwenye mfuko wa vitu vyake, ataugeuza, na atagundua kwamba meno yake yanazunguka. Anayapanga mpaka umbo lake lifanane na tundu, anautia, anausokota kwa kidole, kitasa kinalia, na upande mzima wa sanduku unajikunjua. Mapema kabisa mchezo unakupa pia lenzi. Ukiivaa unaona michoro iliyofichwa juu ya mbao, vipande vilivyotawanyika visivyo na maana, mpaka ulizungushe sanduku kwa pembe fulani ndipo vinaungana kuwa alama moja. Hakuna aliyekuandikia maelekezo marefu. Kidole ndicho kinachofundishwa.

Uzuri wa pili ni haki, na mimi naupa uzito kuliko huo wa picha. Karibu kila unachohitaji kiko mbele ya macho yako, kwenye sanduku lilelile. Huhitaji kutoka nje ya mchezo kwenda kutafuta jibu. Ukikaa bila kusonga mbele, alama ya kuuliza inajitokeza kwenye kona ya skrini na inakungoja. Ukiigusa unapata dokezo la mbali, la kukuelekeza upande wa kutazama. Bado hujaona? Subiri, litakuja jingine lililo wazi zaidi, na mwisho unaambiwa karibu kila kitu. Huulizwi hela wala huonyeshwi tangazo. Na anayetaka kuhangaika mwenyewe anaweza kuyazima madokezo.

Sasa twende kwenye hiyo ya bure uliyosema imejaa. Tuchukue kwamba kila dokezo ni tangazo moja la video, na kila tangazo linakula megabaiti 5. Huo ni mfano wangu wa hesabu, yapo yanayokula pungufu na yapo yanayokula zaidi. Watoto wawili wakiomba madokezo 20 kwa siku, megabaiti 100 zimekwenda, na mchezo wenyewe haujaisha. Bando hilo nalo, kama unavyojua, tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, uliokuja kuchukua nafasi ya zile shilingi 200 za kila siku tulizokuwa tukitozwa kwa mitandao ya kijamii tangu 2018. Kwa hiyo nyumbani kwako mchezo tayari unalipiwa, ila unalipiwa rejareja na hakuna anayekupa risiti. Najua wajanja wanazima data wakicheza, na mingi inakubali kuchezwa hivyo, matangazo yanapotea. Lakini wakikwama wanakuta kitufe cha dokezo kimekufa, kwa sababu dokezo limefungwa nyuma ya tangazo.

Bando si hasara kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu. Hasara kubwa ni kwamba mtu anayeuza madokezo ana faida akitunga mafumbo mabovu. Fikiria chumba chenye saa nne ukutani, zimesimama saa tofauti, na droo yenye kufuli la tarakimu nne. Kila saa ina rangi yake, na juu ya meza kuna vitabu vinne vya rangi hizohizo vimepangwa kwa mstari. Mtoto akitazama vizuri ataona kwamba mpangilio wa vitabu ndio mpangilio wa tarakimu, na akifungua atajisikia yeye ndiye aliyefungua. Fumbo hilo ni la haki. Sasa ondoa vitabu, acha saa peke yake, kisha utake mchezaji ajue tu kwamba anaanza na ile ya kulia kwenda juu. Au kifiche kipande cha karatasi kwenye pindo la pazia, kidogo kama punje ya ulezi, ili aguse skrini yote kwa kubahatisha mpaka akipate. Hapo akili haikutumika. Ni subira iliyopimwa ili ichoke na tangazo lipate mtazamaji. Ukitaka kujua mchezo wa bure ni wa namna gani, kaa nyuma ya mtoto wakati amekwama, na jibu likishapatikana msikilize anavyosema. Akisema "aah, ningeona!" mchezo ni mzuri. Akisema "sasa hiyo mtu angejuaje?" uondoe simuni.

Nisiionee ya bure yote. Watengenezaji wa michezo Rusty Lake wa Amsterdam tangu 2015 wametoa mfululizo wa Cube Escape bila malipo, na utunzi wake unazidi mingi ya kulipiwa. Tatizo ni yaliyomo: damu, maiti, watu wenye vichwa vya ndege. Mimi napenda, lakini wa miaka 14 huenda atakuita usiku, na mdogo wake usimpe kabisa. The Room nao una giza na sauti za kutisha kidogo, milango inayolia, minong'ono, ila hauna umwagaji damu wa namna hiyo. Kwa mtoto wa S2 sioni shida.

Ubaya wa The Room utaanza kuuona Jumapili jioni: utakuwa umeisha. Mtu mzima makini anaumaliza kwa saa chache. Watoto wakigombania simu watafika wikendi. Na ukiisha umeisha, kwa sababu mafumbo hayabadiliki, ufunguo uko palepale ulipoukuta mwanzo. Huwezi kuurudia kama mpira au bao. Unaweza kumpa jirani na kumtazama akihangaika, ambayo ni starehe ya aina yake, lakini kwa mnunuzi mwenyewe hakuna kilichobaki. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana hadithi ya barua unazozikuta humo, za mtu anayejisaini A.S., inakatika bila kukamilika ili utamani wa pili uliotoka 2013, kisha wa tatu wa 2015, kisha Old Sins wa 2018. Hadithi yenyewe, nikuambie ukweli, ni nyembamba. Mtu amegundua kitu kisicho cha kawaida, anaandika barua za mafumbo, anazidi kuchanganyikiwa. Sijawahi kukutana na mchezaji aliyenisimulia kisa hicho. Wote husimulia sanduku.

Lipo kasoro jingine ambalo wewe kama mwalimu litakuuma kuliko mimi. Kila kufuli humo lina jibu moja, na kila jibu lina zamu yake. Mwanao akibuni njia yake, na mtoto mwenye akili hubuni, mchezo haumsikii kabisa. Akitaka kuivunja ile droo kwa bisibisi aliyoiokota dakika kumi zilizopita, bisibisi inakataa kwa sababu imeandaliwa skrubu fulani na si droo ile. Mtaala mpya wa sekondari ya chini tuliouanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi alete suluhisho lake na alitetee. The Room unamtaka akute suluhisho la mtu mwingine. Ni ujuzi, sikatai, lakini ni ujuzi wa aina moja.

Mambo ya simu yenyewe nayapitia haraka. Picha zake ni za giza, kwa hiyo barazani mchana, jua la Arua likiwaka, hamtaona kitu. Chezeni ndani au jioni. Betri inaliwa kwa kasi na simu inapata joto, basi msianze umeme ukiwa umekatika na chaji iko nusu. Ule wa kwanza ni mwepesi kuliko wadogo zake, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kukwambia uanze nao. Simu yenye nafasi finyu na RAM ndogo inaweza kuhangaika na Old Sins. Lugha: barua na madokezo ni ya Kiingereza au lugha nyingine za Ulaya, Kiswahili hakuna. Kwa wa S2 si kikwazo. Kwa mdogo ambaye bado anasoma kwa kukokota, habari njema ni kwamba kufuli nyingi hazitegemei maneno, anaweza kufungua bila kusoma mstari.

Na akili je? Hapa wauzaji wa michezo huongea sana. Mwaka 2016 nchini Marekani, kampuni ya Lumos Labs, wenye programu ya kunoa ubongo ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya huko, FTC, kuishtaki kwamba iliwadanganya wateja kuhusu faida za michezo yake shuleni, kazini na dhidi ya kusahau kwa wazee. Ushahidi haukutosha kubeba madai hayo. Kwa hiyo sitakwambia mwanao ataongeza alama za hesabu kwa kufungua masanduku. Anayecheza sana michezo ya kufungua masanduku anakuwa hodari wa kufungua masanduku.

Ninachokiona chenye faida hakimo ndani ya mchezo, kimo katika namna ya kuucheza. Mtoto akiwa peke yake na simu, akikwama atagusa kila mahali, kisha ataomba dokezo, kisha atafungua YouTube atazame mtu mwingine akimaliza. Weka simu mezani, waketi wawili au watatu, na mwenye kushika simu asiruhusiwe kuamua. Yeye ni mkono tu. Wenzake ndio wanaomwambia zungusha, rudi, sogea karibu, na kila anayetoa amri atoe na sababu. Mwingine ashike daftari: alama tuliyoiona wapi, ufunguo gani bado haujatumika, kibati gani kimegoma. Kanuni ya dokezo iwe kwamba haliguswi mpaka kila mmoja ametoa wazo moja na wazo hilo limejaribiwa. Hapo utawaona wakibishana kwa hoja, na utamwona yule mkimya wa nyumba ndiye aliyekumbuka alama ya mwanzoni. Mchezo hausemi popote kwamba uchezwe hivyo, ulitungwa kwa mtu mmoja na kidole chake, lakini unakubali. Na kwa vile hauna saa inayohesabu, mnaweza kusimama mle, mrudi.

Ukitaka faida zaidi, ukishaisha wape kazi ya kutunga chao. Sanduku la viatu, kufuli la namba la begi, makaratasi manne, na chumba chenu cha kukaa. Masharti ni kwamba kila kidokezo kiwe kinaonekana na mtungaji akae pembeni bila kusema neno wakati mgeni anahangaika. Huko ndiko lile kasoro la jibu moja linapogeuka kuwa somo, kwa sababu mgeni atajaribu njia tatu ambazo mtungaji hakuzifikiria.

Sasa ununuzi. Bei ya ule wa kwanza kwa kawaida ni elfu chache za shilingi, hubadilika, itazame siku hiyo. Wengi wetu pesa zetu ziko kwenye simu na si kwenye kadi, basi kabla ya kumwahidi mtoto fungua sehemu ya malipo kwenye Play Store uone akaunti yako inakubali njia ipi. Usikubali ule wa kutiwa kwa kebo na kijana wa mtaani wala wa kutumiwa WhatsApp na mtu anayesema ameufungua bure. Faili ya namna hiyo inaweza kubeba kingine ndani yake, na simu hiyo ndiyo yenye pesa zako na ujumbe wa shule. Ukinunua kihalali mchezo unakaa kwenye akaunti: ukiufuta kupata nafasi, au ukibadilisha simu na kuingia kwa akaunti ileile, unaupakua tena bila kulipa. Upakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya shule kama wanakuruhusu. Ukiona simu yako imeushindwa, omba kurudishiwa pesa kupitia Google ndani ya saa 48, usingoje wiki.

Na kabla hujampa mtoto simu, ingia kwenye mipangilio ya Play Store, sehemu ya uthibitisho wa manunuzi, uweke kwamba nenosiri liulizwe kila mara. The Room hautamwomba anunue kitu, lakini ile ya bure bado iko simuni humohumo, na njia yako ya malipo sasa inajulikana.